Sindano ya Saa Tano Asubuhi

Rosebellah Nekesa alikuwa na kawaida ya kutazama kwanza, kisha kutenda, na huenda ndiyo sababu alidumu katika nyumba ile ya Al-Hamra, Jeddah, ambako wawili waliomtangulia hawakumaliza hata mwaka. Kwao ni Butere, magharibi mwa Kenya. Alikuja Saudia akimwacha binti yake Valary kwa dadake, na kazi aliyopewa ilikuwa moja tu: kumtunza mjane mmoja mwenye kisukari na presha, mama wa watu ambaye kila mtu nyumbani alimwita Mama Hajja. Kazi yenyewe haikumtisha. Mamake mzazi aliugua kisukari miaka tisa, na ni Rosebellah aliyekuwa akimdunga sindano, mpaka akawa anaweza kufanya hivyo huku akiongea mambo mengine.

Kitu kimoja tu ndani ya nyumba ile hakukipenda, nacho ni kisanduku cha dawa.

Kilinunuliwa na Wail, mwana wa mwisho wa Mama Hajja, injinia wa mitambo ya kusafisha maji ya bahari, ambaye pia ndiye aliyekuwa kafili wa Rosebellah, yaani mwajiri na mdhamini wake kisheria. Kilikuwa cheupe, ukubwa wa redio, chenye vidroo vilivyojifunga vyenyewe. Saa ya dawa ikifika kinalia, kidroo kinafunguka, na kioo kilichobandikwa ukutani kando yake kinaonyesha jina la dawa na kiasi chake. Asubuhi saa moja, vidonge vitatu. Usiku saa tatu, sindano ya insulini, yuniti ishirini na nne, ambayo kalamu yake ya kudungia ilikaa kwenye friji. Kila kitu kiliunganishwa na simu ya Wail. Dawa ikichelewa, simu yake inampigia kelele popote alipo.

"Kikilia, mpe," Wail alimwambia siku ya kwanza. "Kisipolia, usimpe. Usijitie kazi ya kufikiri. Halas, basi."

Rosebellah aliitikia, "Sawa, bosi." Lakini hakuacha kufikiri. Miezi minne nyuma sukari ya Mama Hajja ilishuka ghafla baada ya bibi kukataa chakula cha mchana. Jasho lilimtoka kana kwamba kamwagiwa maji, midomo ikamtetemeka, akaanza kumwita Rosebellah kwa jina la dadake aliyekwisha kufa. Rosebellah alimnywesha maji ya zabibu kijiko baada ya kijiko, akimkumbatia kichwa, mpaka macho yakarudi. Tangu siku hiyo alijua sukari ikipanda inaua polepole, lakini ikishuka haikupi nafasi ya kwenda kuita mtu.

Jumamosi moja usiku Wail alisafiri. Alikuwa anakwenda mbali sana, alisema, visiwani katika bahari ya Pasifiki, kwenye mkutano wa wataalamu wa maji. Angepitia Dubai, halafu aruke tena karibu siku nzima. Mama Hajja alimsomea dua mlangoni na kumshika mkono muda mrefu. Nyumbani wakabaki watu watatu: bibi, Rosebellah, na Danson, dereva, Mkamba wa Machakos aliyekuwa akilala chumba cha nje karibu na geti.

Jumapili asubuhi kisanduku kililia saa kumi na mbili badala ya saa moja. Rosebellah aliamka mbio, akampa bibi vidonge, akajiambia labda ni yeye aliyesahau. Usiku kikaita sindano saa mbili badala ya saa tatu. Akampa. Saa moja mbele haikuwa jambo la kumsumbua mtu.

Jumatatu asubuhi hakikulia kabisa.

Saa moja ilifika, ikapita. Rosebellah alimwandalia bibi mkate, jibini na chai isiyo na sukari, akasimama mbele ya kile kisanduku kama mtu anayesubiri kufunguliwa mlango. Vidroo vilikuwa vimefungwa kimya. Alimwandikia Wail ujumbe. Haukufika, alama ikabaki moja. Mama Hajja mwenyewe hakuwa na hamu ya kula. Tangu mwanawe aondoke alikuwa akimegamega mkate na kuuacha sahanini. Asubuhi hiyo alikula kipande kisichozidi kiganja.

Saa tano kamili, jua likiwa limejaa sebuleni na Danson anaosha gari uani, kisanduku kikalia.

Rosebellah alikuja kutoka jikoni na mikono yenye povu. Kioo kilikuwa chekundu. Kiliandika: sindano, yuniti ishirini na nne.

Alisoma mara mbili. Akatazama saa ya ukutani, akatazama dirisha. Sindano ya usiku, asubuhi hii? Ile ya jana ilikuwa na saa kumi na tano tu mwilini. Alichukua mashine ya kupima sukari, akamtoboa bibi kidole taratibu. Tisini na moja. Kwa mtu wa rika lile, aliyekula kipande cha mkate, hiyo haikuwa sukari ya kuongezewa insulini juu ya insulini.

"Binti, kinalia," Mama Hajja alisema. "Nipe dawa yangu."

"Ngoja kidogo, Mama Hajja. Nataka kuuliza."

Hakuhitaji kuuliza. Simu ilitetemeka kabla hajaifikia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Wail, sauti nzito ya mtu aliyechoka na safari. "Roza, mbona sindano bado? Ni saa tisa imeshapita. Mpe mama sasa hivi, yalla, nataka kulala."

Saa tisa ya Kiarabu ni saa tatu yetu, na Rosebellah, kama Mkenya yeyote anayefanya kazi kwa Waarabu, alikuwa amezoea kugeuza saa kichwani mara hamsini kwa siku. Sasa ile hesabu ikamgeukia. Saa tatu ipi? Ya asubuhi ilikuwa imepita zamani. Ya usiku ilikuwa bado saa kumi nzima. Au ni yeye aliyekosea tangu mwanzo? Alihesabu kwa vidole, kama mtoto, akirudi kulekule. Akabonyeza simu akasema, "Bosi, huku ni asubuhi. Sindano ni ya usiku. Sukari yake ni tisini na moja." Alama ikabaki moja. Akapiga, simu ilikuwa imezimwa.

Kisanduku hakikunyamaza. Kila dakika mbili kililia upya, na kila mara kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza.

Dakika kumi baadaye akapiga Abeer, binti mkubwa wa Mama Hajja, anayefundisha chuo huko Riyadh. Huyo hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Wail ameniambia umekataa kumpa mama dawa."

"Madam, sijakataa. Nimeona si saa yake. Jana usiku nimempa. Nikimpa tena sasa, sukari itashuka."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana, madam."

"Saa zile zilipangwa na daktari. Kisanduku hakisahau, watu ndio wanaosahau. Kwa ajili hiyo tulikinunua." Akavuta pumzi. "Sikiliza, Roza. Kama mama akipata shida kwa sababu umemnyima dawa, nitakurudisha ofisi iliyokuleta leo hii, na nitawaandikia sababu. Mpe sindano, halafu unipigie."

Simu ikakatika.

Rosebellah alisimama katikati ya sebule. Alimfikiria Valary. Alifikiria ofisi ile ya mawakala, benchi lake refu, wasichana wanaokaa pale na mabegi yao wakisubiri kuambiwa wanakwenda wapi. Ingekuwa rahisi. Sekunde kumi tu za kazi, amri ameipata kwa wakubwa wawili, na maandishi mekundu ukutani ni shahidi.

Aliposikia mlango wa friji, aligeuka. Mama Hajja alikuwa ameinuka peke yake, kashika ukingo wa kabati kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anapapasa rafu ya dawa. Bibi alikuwa anajua kujidunga; alijidunga miaka mingi kabla macho hayajafifia.

"Kama wewe unaogopa, nitajidunga mwenyewe," alisema. "Mwanangu amesema ni saa yake."

Rosebellah alimfikia kwa hatua tatu. Hakuwa na muda wa kuchagua neno. Aliitwaa ile kalamu ya insulini kutoka mkononi mwa bibi na kuisukuma kwenye mfuko wa gauni lake la kazi.

Mama Hajja alimtazama kwa mshangao, kisha kwa hasira ambayo Rosebellah hakuwahi kuiona usoni pake. "Unaniibia dawa yangu? Ndani ya nyumba yangu?" Akainua sauti. "Danson! Ya Danson!"

Danson alikuja mbio, suruali imekunjwa, miguu inadondosha maji, akasimama kwenye kizingiti cha jikoni maana ndani zaidi hakuruhusiwa. Alimwona bibi anatetemeka, akamwona Rosebellah ameshika mfuko wake kwa mikono miwili.

"Mama Valary, kuna nini?"

Alimweleza kwa Kiswahili, haraka haraka, huku akimrudisha bibi kwenye kiti. Danson alisikiliza akikuna shingo.

"Mpe tu," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Bosi amesema, madam amesema. Likitokea la kutokea, ni wao."

"Likitokea la kutokea, Danson, nani atakuwa amemdunga? Watauliza mkono wa nani."

"Na usipompa akaumwa? Si pia ni wewe?"

Rosebellah alikuwa amekwisha kumgeukia bibi. Alikuwa amekaa sakafuni karibu na miguu ya bibi, akimtazama midomo, akimtazama paji la uso kama kuna jasho. Kisanduku kililia tena. Mama Hajja aligeuza uso ukutani na kuanza kunong'ona uradi.

"Hiki kitu kimeharibika," Rosebellah alisema, zaidi akijisemea. "Jana kilitangulia saa moja. Asubuhi na jioni, yote saa moja mbele. Leo asubuhi kimenyamaza. Sasa kinaita sindano ya usiku saa tano ya mchana."

Danson aliacha kukuna shingo. "Jana saa moja mbele? Jana bosi alikuwa wapi?"

"Dubai, si ndiyo? Halafu kwa ndege."

"Dubai wako mbele ya hapa kwa saa moja. Nimekaa huko miaka miwili, najua." Alisema polepole, kama mtu anayevuta uzi asiukate. "Kisanduku kimeunganishwa na simu yake. Simu ikifika Dubai, inajigeuza saa ya Dubai. Nacho kinaifuata. Sasa leo yuko wapi?"

Wakatazamana. Danson alisahau kizingiti; aliingia sebuleni na miguu yake yenye maji, wakasimama wote wawili mbele ya kioo. Rosebellah hakuwahi kugusa kitu kwenye kioo kile zaidi ya kile kitufe cha kusema amempa. Sasa alikigusa pembeni, pale palipokuwa na alama ndogo ya saa. Ukurasa ukafunguka. Saa iliandikwa 21:34. Chini yake, neno moja.

"Apia," alisoma.

"Apia?" Danson akashtuka. "Nani anaapia nani?"

"Ni jina la mahali, nadhani. Angalia, kimeandika na saa. Kumi na tatu mbele ya saa ya Greenwich." Alihesabu tena kwa vidole, na mara hii vidole vilikubaliana. "Sisi hapa tuko tatu mbele, sawa na Kenya. Wao kumi na tatu. Tofauti ni saa kumi. Kwa bosi sasa hivi ni usiku, Danson. Kwake kweli ni saa tatu usiku. Hadanganyi. Anaona giza dirishani, anaona simu inamwambia saa ya sindano imefika, na amesahau mama yake hayuko huko."

Alimpigia Abeer kwa video. Abeer alipokea akiwa korido ya chuo, kitambaa kimeteleza, uso umekaza. "Umempa?"

"Madam, tafadhali usikate. Tazama tu." Rosebellah aligeuza simu kwenye dirisha, jua likapiga kwenye kamera. Akaigeuza kwenye saa ya ukutani: tano na nusu imepita. Akaipeleka kwenye kioo. "Hii ni saa ya bosi. Hii ndiyo inayoniambia nimdunge. Soma jina, madam."

Abeer alisogeza uso karibu. Midomo yake ilisoma bila sauti. Alikaa hivyo mpaka Rosebellah akadhani mtandao umeganda.

"Na jana usiku ulimpa saa ngapi?"

"Saa mbili yetu. Nane kwa hesabu yenu."

"Kalamu iko wapi?"

"Mfukoni mwangu. Mama Hajja alitaka kujidunga. Amenikasirikia."

"Usimpe," Abeer alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Usimpe mpaka nikupigie. Nampigia daktari wake."

Zile dakika za kungoja zilikuwa ndefu kuliko zote. Danson alichomoa waya wa kisanduku ukutani, lakini kilikuwa na betri ndani, kikaendelea kulia. Akakichukua, akakifunga kwenye taulo mbili na kukipeleka bafuni. Rosebellah alipima sukari tena. Themanini na nne. Alimpa bibi tende moja na nusu glasi ya maziwa; bibi alipokea tende kutoka mkononi mwa Danson, si mkononi mwake.

Abeer alipopiga, hakusalimia. Daktari alikuwa amesema sindano isitolewe hata kidogo kabla ya usiku. Bibi apewe kidonge cha presha sasa, kile cha sukari apewe baada ya kula chakula kamili, na sukari ipimwe kila baada ya saa mbili. Danson alifungua kidroo kwa bisibisi. Abeer alibaki kwenye simu akiangalia Rosebellah anavyotoa vidonge, akauliza jina la kila kimoja, akasikia majibu sahihi.

"Daktari aliuliza nani aliyegundua," alisema mwisho. "Nimemwambia."

Hilo tu. Hakuomba radhi, wala Rosebellah hakutarajia. Lakini simu ilipokatika hakurudi jikoni. Aliingia chooni, akafunga mlango, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kulia kimya, mikono ikiwa imebana mfuko wake kana kwamba bado kuna mtu anayetaka kumpokonya.

Kesho yake, Jumanne asubuhi, Wail alipiga. Usiku ulikuwa umeingia tena kwake, na nyuma yake ilisikika mvua. Aliongea na mamake kwanza, akitafuta namna ya kupooza mambo. Alimwambia yuko Apia, mji mkuu wa Samoa, na kwamba wao na majirani zao wa Tonga na Tokelau wanatumia saa ileile, na wako miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuamkiwa na kila siku mpya. Zamani Samoa ilikuwa upande wa mwisho, akasema, mpaka serikali yao ikaamua kuhama upande, wakalala Alhamisi na kuamka Jumamosi. Ijumaa yao haikuwapo kabisa.

"Waliiruka Ijumaa?" Mama Hajja aliuliza kwa ukali. "Na swala?"

Rosebellah, aliyekuwa ameshika simu, alijizuia kucheka. Ndipo Wail akaomba kuongea naye.

"Nani alikwambia usimpe?"

"Hakuna mtu, bosi."

"Nilikuamuru."

"Ndiyo, bosi. Nilisikia."

Mvua ilizidi huko aliko. "Nilikuwa nimekaa kitandani," alisema, "nasema moyoni, huyu binti ni mvivu, amelala. Nikazima simu." Kisha akasema atakaporudi atatafuta namna ya kukifunga kisanduku kwenye saa ya Jeddah tu.

Hapo Rosebellah alisema jambo ambalo hata yeye alilishangaa baadaye. "Bosi, mimi sikitaki tena. Nataka karatasi. Daktari aandike dawa na saa zake, na namba yake ya simu, nibandike ukutani. Kama hiyo haiwezekani, nirudishe ofisini. Sitaki siku nyingine kama jana."

Danson, aliyekuwa mlangoni, aliziba mdomo kwa kiganja. Wail akasema, "Karatasi itakuja leo." Na ilikuja, Abeer akiituma kwa simu, Danson akaenda kuichapisha dukani.

Aliyechelewa kusamehe alikuwa Mama Hajja. Walimweleza yote, na alikubali kwamba kisanduku kilikosea, lakini kalamu kunyang'anywa mkononi hakukusahau. Siku mbili hakula chakula kilichopikwa na Rosebellah, na wakati wa sindano aliinua nguo bila kumtazama. Siku ya tatu alimwuliza kwa ghafla, "Mama yako naye ulikuwa ukimnyang'anya?"

"Mara moja," Rosebellah alisema. "Alinirushia kikombe."

"Alikupata?"

"Hapana. Alikuwa haoni vizuri, kama wewe."

Bibi alicheka mpaka akakohoa, na jioni hiyo akaomba uji.

Mwaka uliofuata miguu ya Mama Hajja ilianza kugoma, na familia ikaamua ahamie Riyadh kwa Abeer, karibu na hospitali. Mkataba wa Rosebellah ulikuwa umebakiza mwezi mmoja, na tayari alikuwa amemwambia dadake huko Butere amtarajie. Abeer alisafiri mwenyewe mpaka Jeddah. Alikaa naye mezani jikoni, jambo asilowahi kulifanya, akamwambia atahamisha ikama yake, kibali cha kuishi Saudia, iwe chini ya jina la Abeer mwenyewe, Ijumaa zote zitakuwa zake, na kabla ya yote ataenda nyumbani miezi miwili kumwona mwanawe. "Nikitafuta mwingine," alisema, "nitalazimika kulala macho wazi."

Rosebellah aliomba siku tatu za kufikiri. Aliongea na Valary, aliongea na dadake, akakubali. Baada ya ile miezi miwili ya Butere akarudi, na siku ya kwanza Riyadh Abeer alimleta muuguzi mgeni mpaka kitandani kwa bibi, akamwonyesha Rosebellah. "Dawa zote muulize huyu," alisema, akatoka kwenda kazini.

Danson alimpigia mchana huo kutoka Jeddah kutaka kujua kama joto la Riyadh ni kweli kama linavyosemwa. Rosebellah alimwambia ni kali kuliko la Jeddah, lakini kavu, nguo zinakauka kabla hujamaliza kuanika. Alikuwa bado anaongea Mama Hajja alipoamka na kuita chai, akamwambia Danson watazungumza baadaye, akaenda kuteleka maji.